Mtoto Mwenye Tiki Si Mtovu wa Adabu





Siku kama hii, chama kinapopima kazi yake ya mwaka, yafaa tutazame pia chama cha wenzetu walio mbali, tupate funzo.

Chama hicho ni cha Marekani, na kazi yake ni kuwasaidia watu wenye mishtuko ya viungo na sauti, ambayo madaktari huiita tiki. Mwenye tiki hupepesa macho, hukunja uso, hutupa kichwa au mabega, huguna au hukohoa, wala hakukusudia. Ikiwa mishtuko ni ya viungo mbalimbali pamoja na sauti, nayo ikadumu zaidi ya mwaka, huitwa maradhi ya Tourette, kwa jina la Georges Gilles de la Tourette, daktari Mfaransa aliyeandika habari za wagonjwa 9 katika mwaka 1885.

Asili ya maradhi haya ni katika ubongo, na mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja. Si wazimu, wala hayaambukizi. Aghalabu huanza mtoto akiwa wa miaka 5 hadi 7, huzidi akifika miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua wanapokua. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana. Watu hudhani kwamba kila mwenye maradhi haya hutamka matusi; la, wafanyao hivyo ni wachache tu.

Lakini liko jambo moja linalowaponza watoto hawa. Mtoto aweza kuizuia tiki kwa kitambo, kama mtu azuiavyo chafya, ila mwisho itatoka. Basi mwalimu aliyemwona ametulia asubuhi humwambia mchana, "Kumbe waweza, ila hutaki!" Mtoto akapigwa kwa jambo lisilo katika hiari yake.

Zamani hata madaktari walikosea. Hadi kufikia miaka ya 1960 wengi wao walishika kwamba ugonjwa huu ni wa nafsi, na wazazi wakalaumiwa kwa malezi mabaya. Dawa iitwayo haloperidoli ilipoonekana kuituliza mishtuko, ndipo fikira zilipoanza kuelekea kwenye ubongo.

Mwaka 1972, huko Bayside, New York, jamaa wachache wenye watoto wa namna hiyo walitafutana, wakaunda chama. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humwumbua. Na hao waliacha kuficha. Walieneza habari kwa madaktari na shule, wakachanga fedha za utafiti, na mzazi aliyedhani yu peke yake akapata wenziwe. Tangu mwaka 2015 chama hicho huitwa Tourette Association of America, na kila mwaka, toka 15 Mei hadi 15 Juni, huhimiza watu wayajue maradhi haya.

Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa ushirikiano na chama hicho. Watoto 126, wa miaka 9 hadi 17, waligawanywa mafungu mawili kwa muda wa majuma 10. Fungu moja lilifundishwa kuitambua hisia itanguliayo tiki, iliyo kama mwasho, na kuipinga kwa tendo lisiloweza kwenda pamoja nayo. Kwa mfano, mwenye kutupa kichwa nyuma hushusha kidevu polepole na kukaza shingo hadi hisia ipite. Katika fungu hilo, watoto kama 53 katika kila 100 walipata nafuu kubwa. Katika fungu lililopewa mazungumzo na maelezo tu, walikuwa kama 19. Haikuwa tiba ya kuondoa maradhi kabisa, na hata leo dawa ya namna hiyo haijapatikana. Lakini ni nafuu iliyopatikana bila dawa na bila fimbo.

Ndugu zangu, maendeleo ya chama kama hicho yahesabiwe vipi? Kwa fedha na majengo, ni kweli. Lakini hesabu kubwa zaidi ni idadi ya watoto wanaosadikiwa wasemapo, "Sikukusudia." Hesabu hiyo sisi nasi twaweza kuianza pasipo fedha.

Mzazi asimkemee mtoto kwa kila mshtuko, maana hofu huizidisha tiki. Ampeleke kwa daktari kabla ya kumpeleka kupungwa pepo. Mwalimu wa shule na wa madrasa ampe ruhusa ya kutoka kidogo, naye awakataze wenziwe kumwigiza. Na sisi tulio safuni, mtoto akitikisika ubavuni mwetu, tusimwondoe wala tusimkodolee macho. Tumwachie nafasi yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wabillahi taufiq.