Anayelala mchana, mpeleke akapimwe

Wapendwa wa Arua, Koboko, Ariwara na Yei!

Nimepewa muda mfupi, basi naingia moja kwa moja. Habari yangu ni malale.

Unajua inavyokuwa. Mtu anapata homa, kichwa kinauma, tezi zinavimba nyuma ya shingo. Miezi inapita. Kisha mchana anasinzia hata chakula kikiwa mbele yake, usiku macho wazi. Anatukana wakwe, anaongea yasiyoeleweka. Sisi watu wa maombi tunasema: hili ni pepo. Anawekwa chumba cha maombi, anafungishwa siku saba. Ndugu yangu, kijidudu kile kimeshaingia kwenye ubongo, na bila dawa karibu kila mgonjwa wa namna hiyo hufa.

Sikatazi maombi, mimi mwenyewe naombea wagonjwa. Nasema ombeni mkiwa njiani kwenda kituo cha afya.

Wazee waliogopa matibabu, na walikuwa na sababu. Dawa ya zamani, melarsoprol, ilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Katika wagonjwa 20, karibu mmoja aliuawa na dawa yenyewe! Siku hizi sivyo. Tangu 2013 vituo vingi vya West Nile vilianza kupata kipimo cha tone moja la damu ya kidole, hata pale pasipo na umeme. Kikionyesha ugonjwa, unatumwa kwenye darubini kuhakikisha. Na wengi sasa wanaweza kutibiwa kwa vidonge vya feksinidazoli, siku 10, bila sindano. Aliyezidiwa sana ndiye anayelazwa na kutundikiwa dripu. Dawa hutolewa bure.

Sikieni hapa, viongozi wa maombi: vidonge hivyo humezwa pamoja na chakula, la sivyo havifanyi kazi vizuri. Mgonjwa huyo asifunge. Fungeni ninyi.

Vile vitambaa vidogo vya buluu kando ya mito yetu si uchawi. Vina dawa ya kuua mbung'o. Usiving'oe, wala usimshonee mtoto nguo. Mbung'o huuma mchana, huko tunakoteka maji na kufua, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikusaidii hapo.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya huku kwetu si tishio tena kwa afya ya umma Uganda. Haleluya! Lakini wagonjwa wakiwa wachache, hata nesi anasahau, anatibu malaria mara tatu. Na Kongo ndiko wagonjwa wengi zaidi waliko, nasi tunavuka kila wiki kwa soko na mikutano. Mbung'o hana kitambulisho. Basi mwambie nesi wazi: nimetoka ng'ambo, homa haiishi, nipime malale.

Wale wanne wa Marko 2 walimbeba mwenye kupooza, wakatoboa na paa. Naomba kila tawi liweke kando hela ya mafuta ya boda boda, na mzee mmoja awe na namba ya VHT wa kijiji. Tawi lililo mbali na barabara lianze mwezi huu.