Mwalimu Naye Huchoka

Leo tunazungumza juu ya msongo wa mawazo unaowapata walimu wa shule za sekondari. Huenda japuonj huyo ni mume wako, ni binti yako, au ni wewe mwenyewe.

Mwaka 2008 serikali ilianza kugharamia masomo katika sekondari za kutwa. Mwaka 2018 ikasisitiza kwamba kila mtoto anayemaliza msingi aendelee. Ni jambo jema. Lakini wanafunzi waliongezeka kuliko walimu. Mwalimu hufundisha mchana, husahihisha madaftari usiku, na matokeo ya KCSE yakiwa mabaya, yeye ndiye huulizwa kwanza.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba msongo wa kazini usioshughulikiwa kwa muda mrefu humwishia mtu nguvu, humfanya aichukie kazi yake, na aone hafanyi lolote la maana. Huo si uvivu, wala si kurogwa.

Utautambuaje? Anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Kichwa na mgongo humuuma kila mara. Chakula hakimpendezi. Anafoka kwa kosa dogo, au ananyamaza tangu jioni hadi asubuhi. Wengine hukimbilia pombe.

Ufanye nini, mama?

Kwanza, akifika nyumbani mwache apumzike kidogo kabla ya kumweleza habari za karo na unga. Kisha muulize siku ilikuwaje, nawe usikilize bila kumkatiza. Kama mwalimu ni mama, jiko na watoto visimngoje yeye peke yake. Gawaneni kazi.

Pili, hasira za shuleni zisimwangukie mtoto. Mtoto hana hatia.

Tatu, akisema amechoka kuishi, usidhani ni mzaha. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za shambani zilizo karibu. Mpeleke siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya, au hospitali ya rufaa ya Homa Bay au ya Migori. Kutafuta msaada si wazimu.

Nawe mzazi, mtoto wako akipata alama za chini, nenda shuleni umuulize mwalimu mtasaidianaje, si kumgombeza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Leo jioni, kabla hujalala, muulize mwalimu wako: "Umeshindaje?" Kwaheri, na afya njema.