Kabla ya Kumvika Mtoto Mtungi

Ukitembelea hoteli za Nungwi, za Matemwe au za kisiwani Mafia wakati wa likizo, utaona familia nzima ya wageni ikipanda boti, kila mmoja na miwani yake na mapezi yake mkononi. Wanakwenda kuzamia. Mchana mtoto wao wa miaka 10 anarudi akisimulia jinsi alivyoogelea sambamba na kasa. Mtoto wa kijiji kile kile, wa rika lile lile, amesimama ufukweni anamtazama. Bahari ni ya kwao, lakini samaki anaowajua ni wale wanaoletwa na nyavu wakiwa wamekwisha kufa.

Sikuja kuzungumzia wivu. Nazungumzia swali ambalo wazazi wa mjini wenye uwezo wameanza kuliuliza: je, mtoto aruhusiwe kuzamia kwa mtungi, na aanze lini?

Aruhusiwe, kwa mpango. Mwaka 1943 Mfaransa Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walibuni kifaa kinachompa mzamiaji hewa kila anapovuta pumzi. Miaka miwili baadaye Cousteau alimvika mwanawe Jean-Michel mtungi, naye ana miaka 7 tu. Enzi hizo hapakuwa na kanuni; kila baba alijiamulia. Leo kanuni zipo. Chama cha walimu wa uzamiaji cha PADI, ambacho vyeti vyake ndivyo vinavyotambuliwa katika sehemu nyingi duniani, humruhusu mtoto wa miaka 8 kuonja tu, katika maji yasiyozidi kina cha mita 2, mwalimu akiwa kando yake. Akifika 10 anaweza kusomea cheti cha watoto, asizidi mita 12, na lazima awe na mzazi mwenye cheti au mwalimu. Kati ya 12 na 14 anafika mita 18, bado na mtu mzima.

Kwa nini masharti haya yote? Tuanze na ule mtungi. Watu wengi huuita mtungi wa oksijeni. La hasha. Ni hewa hii hii tunayoivuta hapa tulipo, ila imeshindiliwa. Ukishuka mita 10, maji yanakukandamiza mara mbili ya ulivyokandamizwa ukiwa juu, na hewa unayovuta huko nayo imebanwa kiasi hicho hicho. Sasa chukua mtoto aliyejaza mapafu kule chini, kisha akashtuka, akabana pumzi na kukimbilia juu. Hewa ile inatanuka maradufu. Mapafu hayana pa kuipeleka, yanapasuka. Wala usidhani maji mafupi ni salama: mita moja na kitu inatosha kuleta madhara. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mzamiaji ni kutobana pumzi kamwe, na mtoto akiogopa, kubana pumzi ndiyo silika yake ya kwanza.

Yapo na masikio. Mirija inayounganisha sikio na koo la mtoto ni myembamba kuliko ya mtu mzima na huziba upesi. Mtoto mwenye mafua asizamie, hata kama boti imekwisha kulipiwa. Mwenye pumu aonwe kwanza na daktari anayeijua kazi hii. Baridi nayo humwingia mtoto mapema. Midomo ikianza kutetemeka, safari imekwisha.

Lakini naona jambo kubwa kuliko yote ni utashi wa mtoto mwenyewe. Wapo akina baba wanaotaka picha ya kuwaonyesha wenzao kazini. Mwalimu mzuri humweka mtoto pembeni, wazazi wakiwa mbali, akamwuliza kama kweli anataka. Akisema hataki, basi. Mtoto anayelazimishwa ndiye atakayebana pumzi.

Kisha tukumbuke kwamba kabla ya mtungi kuna kuogelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hapa kwetu pwani wapo wavuvi watu wazima wasiojua kuogelea, na wapo vijana wanaofuata majongoo bahari kwa mitungi bila kufundishwa na mtu, wakarudi nchi kavu miguu imekufa ganzi. Kaskazini mwa Unguja, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, wakijifunza kuelea kwa madumu matupu ya plastiki. Picha zao, zilizopigwa mwaka 2016, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Nilipoziona nilijiuliza hayo madumu yanagharimu nini hata shule zetu za Kigamboni, Bagamoyo na Tanga zishindwe.

Kwa mzazi asiye na fedha za mtungi, na ndio wengi, miwani peke yake yatosha. Maji yakitoka, pale penye maji ya kiunoni karibu na mwamba, mtoto anayejua kuelea ataona matumbawe, nyota wa bahari na samaki wa kila rangi, wewe ukiwa umesimama hatua mbili kutoka alipo. Chagua miwani inayofunika na pua, si ile ya waogeleaji inayofunika macho tu. Uijaribu dukani: mwekee usoni bila kufunga mkanda, avute hewa kwa pua, kisha uiachie. Ikishika bila kuanguka, imemkaa.