Kusikiliza Redio za Polisi wa Majimbo Nchini Marekani: Chaneli Ipi Ifungwe, Ipi Ibaki Wazi

Mada iliyowasilishwa katika semina ya waandishi na wahariri wa Kiswahili wanaoripoti habari kutoka Marekani

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna chumba cha habari kinavyoweza kufuatilia redio za polisi wa majimbo kwa skana. Nitapita haraka kwenye yale ambayo wengi wenu mnayajua, ili muda uliobaki niutumie kuzungumzia usimbaji wa mawasiliano hayo, yaani kuyafunga kwa ufunguo wa siri, maana huo ndio unaotunyima habari kuliko ubovu wa kifaa chochote. Maoni haya ni yangu, mwajiri wangu asibebeshwe.

2.0 Istilahi na historia fupi

Skana ni redio ya kupokea tu. Hupita chaneli moja baada ya nyingine kwa kasi na kusimama penye sauti. Polisi wa Detroit walianza kutangaziwa matukio wakiwa garini mwaka 1928, kwa mawasiliano ya upande mmoja. Mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut walipata mtandao wa jimbo zima wa redio za FM za pande mbili, uliobuniwa na Daniel Noble.

Mifumo mingi ya leo ni ya kidijitali, mara nyingi ikifuata kiwango cha P25, na humo masafa hayana mwenyewe. Askari akibonyeza kitufe, kompyuta humpa masafa yaliyo wazi wakati huo. Ni kama kijiwe cha bodaboda: abiria hachagui pikipiki, hupanda iliyo zamu. Kisichobadilika ni namba ya kundi la mazungumzo. Skana husoma chaneli ya uongozi, ikajua kundi limehamia masafa gani, ikalifuata. Polisi wa jimbo la Michigan wanatumia mtandao wa namna hii katika masafa ya megahezi 800, pamoja na vikosi vingine vingi vya usalama na uokoaji. Skana ya zamani ya analojia haiambulii kitu humo. Aidha, pale minara kadhaa inaporusha mawimbi yale yale kwa pamoja, skana ya kawaida hukatakata sauti hata ikiwa karibu na mnara. Ulizeni hilo kabla ya kulipa.

3.0 Sheria

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 kuhusu faragha ya mawasiliano ya kielektroniki inaruhusu mtu kusikiliza mawasiliano ya polisi ambayo umma unaweza kuyapata bila taabu. Yaliyosimbwa hayamo katika ruhusa hiyo. Majimbo nayo yana sheria zao. New York inakataza kuweka garini redio inayopokea masafa ya polisi bila kibali, ingawa wenye leseni ya redio ya ridhaa wamesamehewa. Kwa wale watakaorudi nyumbani na skana mkobani, sheria za Tanzania na Kenya zinakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini. Mada hii si ruhusa.

4.0 Tatizo: kufunga kila kitu

4.1 Hoja za polisi

Hoja zao ni mbili, na zote zina uzito. Ya kwanza ni usalama: mhalifu mwenye simu mkononi anaweza kusikia askari wanamzunguka kutoka upande gani. Aprili 2013, wakati wa msako wa watuhumiwa wa milipuko ya Boston, polisi waliwaomba watu wasitangaze mahali askari walipo. Katika saa hizo hizo, jina la kijana asiyehusika lilisambazwa mitandaoni kwa madai kwamba limesikika kwenye skana. Sisi wa habari tusijifanye hatukuwepo.

Hoja ya pili ni faragha. Askari akisimamisha gari husoma hewani jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya leseni ya dereva. Mtu huyo hajashtakiwa kwa lolote, na taarifa zake zimekwisha kusikika mji mzima.

4.2 Mahali hoja zinapoishia

Hoja hizo zinatosha kufunga baadhi ya chaneli. Hazitoshi kufunga zote. Hapa ndipo nimebishana na maofisa kwa miaka, na jibu ninalopewa halibadiliki: "Mfumo mpya ndivyo ulivyo."

Sivyo ulivyo. Katika P25 usimbaji hupangwa kwa kila kundi la mazungumzo, yaani kwa kila chaneli anayoisikia msikilizaji. Fundi anaweza kuiacha wazi chaneli ya matukio, ambayo opereta huitumia kupeleka askari kwenye ajali au wizi, huku akizifunga chaneli za operesheni, za upelelezi na za kuhakiki majina. Redio ile ile, mnara ule ule. Mfumo unapofungwa wote, kuna mtu aliyeamua hivyo, na mara nyingi uamuzi huo hupita ndani ya zabuni ya vifaa bila kujadiliwa mbele ya wananchi.

4.3 Mifano

Oktoba 2020 Idara ya Sheria ya California iliviagiza vikosi kulinda taarifa binafsi zinazotajwa hewani. Ilitoa njia mbili: kusimba, au kuweka utaratibu wa kutotamka taarifa hizo kwenye chaneli ya wazi. Vikosi vingi vilikimbilia njia ya kwanza. Polisi wa barabara kuu wa jimbo hilo hilo, wenye jukumu la jimbo zima, waliendelea kusikika. Palo Alto, jiji la California, ilifunga redio zake Januari 2021, na Septemba 2022, chini ya mkuu mpya wa polisi, ikazifungua tena. Agizo lilikuwa lile lile. Uamuzi ndio ulibadilika.

Polisi wa Denver, Colorado, walifunga redio zao mwaka 2019. Vyombo vya habari viliahidiwa redio maalumu, lakini vikakataa masharti, likiwemo la jiji kukagua kumbukumbu zao. Mwaka 2021 bunge la Colorado likavitaka vikosi vinavyosimba viwe na sera ya kuwapa wanahabari njia ya kusikiliza. Chicago ilichagua kuurushia umma sauti baada ya dakika 30. Mhariri anayejua kazi anaelewa maana yake: dakika 30 zikipita, moto umezimwa, majeruhi wameondolewa, na barabara imefunguliwa. Kinachobaki ni maelezo ya msemaji.

Huyo msemaji ndiye tunayeelekezwa kwake kila tunapolalamika. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, hutujibu kwa barua pepe asubuhi ya pili yake, baada ya wakazi kulala wakijiuliza helikopta ilikuwa inatafuta nini. Siwalaumu wasemaji. Ila mtu mmoja zamu ya usiku hawezi kuwa mbadala wa chaneli iliyokuwa ikisikika kwa muda wote.

4.4 Usimbaji wenyewe si kinga kamili

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwemo Matt Blaze, walionyesha kwamba maofisa wa serikali ya shirikisho wenye redio za P25 za kusimba walikuwa wakizungumza wazi mara kwa mara bila kujua, kwa sababu swichi na taa za redio hazieleweki vizuri. Kikosi kinachoamini kimefungwa huacha kuchunga ulimi. Tena ufunguo usipofika kwa kikosi jirani, askari wa wilaya na zimamoto hawamsikii wa jimbo siku ambayo wanamhitaji zaidi.

5.0 Mapendekezo

Kwa vikosi na mabunge ya majimbo:

(a) Chaneli ya matukio ibaki wazi.
(b) Chaneli za operesheni na upelelezi zifungwe. Hakuna mwanahabari makini anayedai kuzisikia.
(c) Taarifa binafsi zihamishiwe kwenye kompyuta ya garini au chaneli ya uhakiki, kama agizo la California lilivyoruhusu.
(d) Uamuzi wa kusimba ujadiliwe hadharani kabla ya zabuni, usifichwe ndani yake.
(e) Pale panapofungwa, wanahabari wapewe njia ya kusikiliza kwa wakati huo huo, bila masharti ya kukagua kumbukumbu zao.
(f) Ucheleweshaji wa dakika 30 usihesabiwe kuwa uwazi.
(g) Vikosi jirani na zimamoto wapewe funguo na wazifanyie majaribio kabla ya dharura.
(h) Askari wafundishwe nidhamu ya hewani, kwa sababu redio iliyosimbwa nayo huvuja.

Kwa vyumba vya habari:

(i) Kilichosikika kwenye skana ni fununu ya kumtuma mwandishi, si habari ya kuchapisha.
(j) Jina lililosikika hewani lisichapishwe hadi lithibitishwe na chanzo kingine. Boston itukumbushe.
(k) Mahali walipo askari wakati wa operesheni pasitangazwe.
(l) Asijaribu mtu kuvunja usimbaji. Ni kosa, na atawapa hoja wanaotaka kutufungia.
(m) Wahariri wafuatilie zabuni za redio katika vikao vya halmashauri na majimbo. Huko ndiko chaneli ya matukio inakofungwa.
(n) Narudia (a): chaneli ya matukio ibaki wazi.

6.0 Hitimisho

Polisi wana haki ya kulinda maisha ya askari na majina ya watu. Umma nao una haki ya kujua askari wanaolipwa kwa kodi yake wametumwa wapi. Teknolojia inaruhusu yote mawili katika mtandao mmoja, na Palo Alto imethibitisha kwamba kilichofungwa kinaweza kufunguliwa. Kwa hiyo tukiambiwa tena kwamba mfumo ndivyo ulivyo, tuombe orodha ya makundi ya mazungumzo, na tuulize kwa kila moja: nani aliagiza hili lifungwe, na kwa sababu gani?