UONGOZI NI AMANA: TUJIFUNZE KWA SHEIKH KALUTA AMRI ABEDI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa msikitini)



Ndugu wapenzi katika Islam,

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad s.a.w. Katika sura ya An-Nisaa Mwenyezi Mungu anatuamuru tuzikabidhi amana kwa wanaozistahiki, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Leo tunapenda kuitazama amri hiyo katika maisha ya mtu wa nchi yetu, marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka 1924 huko Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mbali sana na Dar es Salaam yalikokuwa makao ya serikali ya kikoloni. Alisoma Tabora, na katika ujana wake akajitoa kuutumikia Uislamu akiwa mubalighi wa Jumuiya ya Ahmadiyya. Katika siku zile kijana aliyesoma angeweza kutafuta cheo serikalini na kutulia. Yeye alichagua kazi ya kutembea, kufundisha na kuandika.

Tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili iliyosimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad ilitolewa Nairobi mwaka 1953, na Sheikh Amri alikuwa miongoni mwa waliosaidia kazi hiyo. Kabla yake tafsiri kamili iliyokuwa imechapwa ni ile ya padri Godfrey Dale ya mwaka 1923. Tufikirini, ndugu zangu: kwa miaka thelathini Mswahili aliyetaka kusoma Kitabu chake kizima kwa lugha yake alipaswa kukipokea kutoka mkononi mwa mmisionari!

Mwaka 1954 akatoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi. Elimu ya vina na mizani, ambayo wengi waliipata kwa kukaa karibu na malenga, aliiweka kitabuni ili aipate kila atakaye. Aliiona elimu kuwa amana, wala hakuifungia sandukuni. Kisha akaenda Rabwah, Pakistan, akakaa tena chini ya walimu kama mwanafunzi.

Basi mwaka 1960 alipochaguliwa kuwa Meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, kiti kilimkuta tayari ni mtumishi. Mji ule wakoloni waliugawa: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila watu na sehemu yao, na huduma hazikuwa sawa. Mtoto wa Ujiji akawa mkuu wa baraza la mji mzima. Baadaye alikuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya Tanganyika huru, kisha akakabidhiwa wizara ya maendeleo na utamaduni. Alifariki Ujerumani mwezi Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Uwanja wa michezo huko Arusha unaitwa kwa jina lake.

Lakini ndugu zangu, kumsifu marehemu ni kazi nyepesi. Tujiulize sisi. Ni wangapi kati yetu wanaotaka uenyekiti wa mtaa, au hata wa kamati ya msikiti, na hawajapata kushika ufagio wa msikiti huo? Ni wangapi hukabidhiwa fedha za watu, na siku ya hesabu wakakasirika kwa kuulizwa? Na vijana wetu waliosoma, je, hawaoni haya kujulikana kazini kuwa ni watu wa swala? Sheikh Amri aliitwa Sheikh msikitini, akaitwa Sheikh barazani, akaitwa Sheikh wizarani. Hakuivua dini yake mlangoni pa ofisi.

Mtume s.a.w. ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya wale aliowachunga. Mchunga wa nyumba ataulizwa, na mchunga wa mji ataulizwa. Basi anayetamani kuongoza na aanze kwa kutumikia pale alipo, kabla ya kuombwa na kabla ya kuonekana. Cheo kikija, kimkute kazini. Kisipokuja, thawabu yake haipotei kwa Mola wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana zetu. Amin.