Kuyapima Mazoea Yetu

Hotuba iliyosemwa mbele ya Wakristo katika siku za jubilei



Tumepewa kazi ya kusema maneno machache juu ya kukua. Jubilei ni siku ya shukrani, na shukrani twaitoa kwa moyo wote. Walakini katika sheria ya Waisraeli wa kale jubilei ilikuwa na kazi nyingine pia. Ulipofika mwaka wa hamsini, mtumwa alikwenda zake huru, na shamba lililouzwa lilirudi kwa jamaa yake. Yaani mambo yaliyokwisha kuzoeleka yaliulizwa tena, ijapokuwa yalikuwa yamekaa miaka mingi. Basi na sisi, pamoja na kuimba na kula, yatupasa kuuliza: katika mazoea yetu, ni yapi yangali yatulea, na ni yapi yametufunga?

Wazee husema, Mwacha mila ni mtumwa. Neno hili ni kweli, na hapa Masasi lina uzito wake, maana Ukristo wa hapa ulianzwa na watu waliopata kuwa watumwa hasa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwafikisha pande za ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona nchi kuwa njema, nao watu wakataka kukaa. Steere hakuling'ang'ania shauri lake la kwanza. Aliwasikiliza, wakajenga.

Wala hili halikuwa jambo geni kwake. Alipofika Unguja mwaka 1864 alikuwa mtu mzima wa miaka 36, mwenye shahada ya sheria na elimu nyingi ya kwao. Angaliweza kukaa na elimu ile na kungoja watu wamfuate. Bali alikaa chini kama mtoto wa chuoni, akafundishwa Kiswahili na wenyeji, hata mwaka 1870 akatoa kitabu cha kuifundisha lugha, na kitabu kingine cha hadithi za Waswahili. Ndiyo dalili ya kwanza ya mtu anayekua: hana haya kuwa mwanafunzi tena.

Mfano wa pili ni jando. Wayao, Wamakua na Wamakonde tangu zamani waliwatia vijana wao makumbini, na huko ndiko mtoto alikofanywa mtu. Wamisionari wa kwanza wengi wao waliiogopa desturi hii, kwa kuwa waliona ndani yake mambo yasiyopatana na Injili. Lakini kukataza hakukuleta matunda. Mtoto asiyetiwa jandoni hakuhesabiwa kuwa mtu mzima machoni pa wenzake, na aliyekwenda kwa siri alirudi na nyoyo mbili. Ndipo mapadre Waafrika, waliozaliwa katika kabila hizi na kuzijua desturi zao kwa ndani, pamoja na Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, wakaipima desturi yenyewe kipande kwa kipande. Mafundisho ya heshima na ushujaa yakashikwa. Mambo machafu yakaachwa. Sala na baraka za Kanisa zikaingizwa. Jando likawa la Kikristo, wala halikuacha kuwa jando.

Tazameni jinsi kazi ile ilivyowapasa pande zote mbili. Mzungu ilimbidi aulize: je, nikatazalo ni dhambi, au ni geni tu machoni pangu? Mwafrika ilimbidi aulize: je, nilishikalo ni jema, au nimelizoea tu? Maswali haya mawili ni ndugu. Mtume Petro naye aliulizwa hivyo kule Yafa, alipooneshwa katika njozi vyakula alivyofundishwa tangu utoto kuwa ni najisi. Petro alikuwa mtume tayari, na kiongozi wa Kanisa. Hata hivyo alikuwa bado na jambo la kujifunza. Kama angalikataa kuulizwa, nyumba ya Kornelio isingalifunguliwa kwake.

Lakini angalieni, ndugu. Desturi ikipimwa mara moja haikupimwa milele. Jando lililotengenezwa na baba zetu kwa hekima limekuwa sasa ni mazoea kwetu, na mazoea hupenda kulala. Twauliza basi, nasi twauliza kwa upendo: mavuno yaishapo, na ngoma za jando na unyago zianzapo, ni kipi kinachopata nafasi kubwa, mafundisho au karamu? Nyumba imalizapo chakula chake kwa sherehe ya siku mbili, watoto watakula nini miezi ya mvua? Mwali aliye mdogo, ambaye angali anacheza na wenzake, akifundishwa mambo ya ndoa kabla ya wakati wake, kisha akaacha shule na kuolewa, je, tumemfanya mtu mzima, au tumemkata kabla hajakomaa? Hayo si maneno ya kuidharau mila. Wazee walioianzisha walitaka mtoto awe mtu. Tukimvunja mtoto kwa jina la mila, sisi ndio tulioiacha mila.

Tena yako mazoea ya moyo, ambayo hayana ngoma wala hayaonekani. Mzee husema, Ndivyo tulivyofanya siku zote, akadhani amejibu. Kijana husema, Mambo ya kale hayafai, naye hajayachunguza hata kidogo. Wote wawili wana uvivu mmoja: hawataki kupima. Mwenye kutupa pasipo kupima hana tofauti na mwenye kushika pasipo kupima.

Basi twapima kwa namna gani? Twatoa maswali manne, mepesi kukumbuka. La kwanza, desturi hii ilianzwa kwa haja gani, na haja hiyo ingaliko? La pili, nani anaubeba mzigo wake: ni mwenye nguvu, au ni mjane na mtoto? La tatu, kama isingalikuwako, je, tungalianza leo? La nne, yatuongeza katika kumpenda Mungu na jirani, au yatupunguza? Mtu na ajiulize hayo jioni, kabla ya sala ya kulala, juu ya ulimi wake, fedha yake, kinywaji chake, na jinsi asemavyo na mkewe na watoto wake. Halmashauri ya kanisa nayo ijiulize juu ya taratibu zake kila mwaka, wala isingoje jubilei nyingine.

Mkulima wa korosho hupogoa mti wake kila mwaka. Hukata matawi yaliyokauka, si kwa kuuchukia mti, bali kwa kuwa anatazamia maua. Nao wajukuu wetu watakaposhika jubilei yao, na waseme juu yetu kwamba tulipokea mti mkubwa, tukaupogoa kwa upendo, tukawaachia ungali wazaa.

Mungu awabariki nyote. Amina.