Pambo la Uani, Sumu ya Zizini



Ukipita barabara ya Pangani, au ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, hutakosa kukiona kichaka chenye maua madogo yaliyosongamana kwenye kichwa kimoja, ya manjano katikati, mekundu au ya waridi pembeni. Jani lake linakwaruza kama msasa, na ukilifikicha linatoa harufu kali. Shina lina pembe nne na vijiiba. Wengi wanakiita lantana tu, na wapo waliokipanda kwa mikono yao kuzungushia nyumba, kwa kuwa kinapendeza, hakihitaji kumwagiliwa na mifugo haikishambulii ovyo.

Asili yake ni Amerika. Waholanzi walikichukua Brazil katika karne ya 17 wakakipeleka Ulaya, na wapenda bustani wa huko wakakichanganya mbegu mpaka kikapata rangi za kila namna. Kutoka hapo kikasambazwa dunia nzima kama pambo. Huko Australia kilifika kwa njia hiyohiyo ya bustani katika karne ya 19, na sasa kimetanda kwenye eneo la hekta zipatazo milioni 4. Kwetu kimo miongoni mwa mimea vamizi ya Usambara Mashariki. Shorewanda hula matunda yake meusi, kisha huenda kuangusha mbegu kwenye shamba la mtu ambaye hakuomba.

Sasa, Tanga ni mkoa wa maziwa. Tangu mwaka 1985, ulipoanza mradi wa maziwa wa Tanzania na Uholanzi (naam, Waholanzi tena, ingawa safari hii walikuja na jambo la heri), familia nyingi zimepata mtamba mwenye mimba kwa mkopo, wakalipa kwa ndama jike. Familia ya namna hiyo haina kundi. Ina ng'ombe mmoja, pengine wawili, na huyo ndiye ada ya shule, ndiye mboga, ndiye deni ambalo halijamalizika.

Utasikia mtu akisema: ng'ombe ana akili, hali asichokijua. Kuna ukweli kidogo. Ng'ombe aliyekulia penye lantana kwa kawaida huikwepa, isipokuwa njaa imemzidi. Lakini ng'ombe wa bandani hachagui malisho, anachaguliwa. Wakati wa kaskazi, kabla masika hayajaanza, mabingobingo yamekauka, kijana anatumwa na mundu na baiskeli. Anafyeka kando ya barabara kila kilicho kijani, anafunga mzigo, anarudi. Majani yakishakatwakatwa na kuchanganywa horini, ng'ombe mgeni mwenye njaa atatenganishaje? Na jani likinyauka au likikauka bado lina sumu yake.

Sumu hiyo, ambayo wataalamu wanaiita lantadeni, hushika ini. Nyongo inashindwa kutiririka, macho na ufizi vinageuka manjano, mkojo unakuwa mweusimweusi. Tumbo linasimama kufanya kazi, choo kinakuwa kigumu, na kwa kuwa majani yamebaki tumboni, sumu inazidi kunyonywa siku hadi siku. Tena kuna jambo la ajabu. Ng'ombe anapomeng'enya majani hutokea kitu ambacho kwa kawaida hutolewa na nyongo. Nyongo ikiziba, kitu hicho kinaingia kwenye damu na kufika kwenye ngozi, na jua likiipiga, ngozi inaungua. Pua inachubuka, macho yanatoa machozi, mnyama anakimbilia kivulini. Kwa ng'ombe wa mabaka, utaona pale peupe panababuka na pale peusi ni pazima. Hiyo ni alama ya kukumbukwa.

Hapa ndipo penye hatari ninayotaka kuisisitiza. Umanjano, kukosa hamu ya kula, choo kigumu: mfugaji wa Tanga akiona hayo anasema ni ndigana baridi, na si bure, maana ndigana baridi nayo ina dalili hizo. Anakimbilia sindano ya oksitetrasaiklini. Sindano haiondoi majani tumboni. Siku mbili tatu zinapotea, ini linaendelea kuharibika, na ng'ombe akifa jirani anatajwa kwa husuda. Tone la damu chini ya hadubini lingeweza kuonyesha kama vijidudu vya ndigana vipo au havipo.

Kwa hiyo mwite bwana mifugo mapema, umwambie ng'ombe alikula nini tangu wiki iliyopita, usimfiche kitu. Wakati unamsubiri, mtoe mnyama juani kabisa, mpe maji na majani unayoyafahamu. Tiba inayojulikana ni mkaa maalumu wa dawa, kiasi cha kilo 2 na nusu kwa ng'ombe mkubwa, unaokorogwa kwa maji na kumiminwa tumboni ili uikamate sumu. Si mkaa wa jikoni uliosagwa, na kumiminia dawa si kazi ya kujaribia, kwani ikiingia mapafuni utamuua wewe.

Kuhusu kichaka chenyewe, kukifyeka peke yake ni kukipogoa, kitachipua. Kinang'olewa na mizizi, na matawi yasiachwe penye malisho. Msingojee mdudu wa kukila: aliyeletwa Uganda kwa kazi hiyo katika miaka ya 1960 alionekana akishambulia ufuta. Kwenye ua wa nyumba pandeni majani ya Guatemala au miti ya malisho kama gliricidia, ambayo ng'ombe ataila bila madhara ikichanganywa na majani mengine. Na huyo kijana anayetumwa majani aonyeshwe lantana, alifikiche jani lake, alinuse, kabla hajakabidhiwa mundu.